Damu Kwenye Mswaki wa Maalim

Maalim Abdulrahim alisomesha Kurani huko Msambweni, kwenye baraza ya nyumba yake. Kila alfajiri alipiga mswaki, akatawadha, akaswali. Watoto walipofika walimkuta tayari, kanzu safi na kinywa safi. Kazi hii ya kusomesha aliipenda kuliko chakula.

Mwaka wa pili baada ya uhuru, siku za mwanzo za Ramadhani, aliona damu kwenye mswaki. Ufizi ulikuwa umevimba. Akaogopa. Je, akiimeza damu ile, saumu yake si itabatilika? Akauweka mswaki pembeni. Mchana hakupiga, na usiku pia hakupiga. Hapo alikosea. Nasema wazi, maana wengi wetu tumefanya kama yeye.

Mwezi ukaisha, Idi ikapita, na mswaki bado uko pembeni. Sasa ufizi uliuma na kinywa kilinuka. Watoto walisogeza mikeka yao nyuma kidogo kidogo, kwa adabu, bila kusema neno. Maalim aliliona hilo, akaona haya.

Mkewe, Bimkubwa, alikuwa na kichupa cha mafuta ya karafuu kutoka Pemba. Maalim akayapaka matupu, bila kuyazimua, kwenye ufizi. Yaliunguza, kisha maumivu yakatulia. Akadhani amepona. Akaendelea kupaka asubuhi na jioni, kwa miezi mitatu. Siku moja alikuwa akila muhogo, jino la chini likatoka. Hata uchungu hakuusikia. Alilitema kiganjani, akamwonyesha Bimkubwa.

"Na ya juu yanacheza," alimwambia mkewe. "Yakitoka haya ya mbele, herufi hazitatoka sawa. Nitawasomesha nini watoto wa watu?"

Bimkubwa alijitanda kanga, akaenda kumwita jirani yao Menza. Menza alikuwa mtu wa Kinango, dresa, yaani mhudumu wa kufunga vidonda, hospitalini.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, Menza. Karibu. Yamenifika."

Menza alimketisha mlangoni penye mwanga, akamtazama kinywa.

"Ufizi una ugonjwa, maalim. Na hapa pamekuwa peupe. Umepaka nini?"

"Mafuta ya karafuu. Yananiondolea maumivu."

"Ni kweli, yanayaondoa. Hata hospitalini tunayo. Yana nguvu, yanaua baadhi ya vijidudu vya kinywani. Wataalamu wanayachunguza, haya na ya mimea mingine kama mrehani na mchaichai. Huenda siku moja tukapata humo dawa ya ufizi. Lakini yakipakwa matupu yanaunguza. Tena yalikufanya usisikie uchungu, na ugonjwa ukaendelea chini."

"Ugonjwa huu umeletwa na nini?"

"Ukoga. Umegandamana kwenye meno mpaka chini ya ufizi, mgumu kama ukoko wa sufuria. Mama, ukoko ukiupaka mafuta, unatoka?"

"Hautoki," alisema Bimkubwa. "Mpaka ukwanguliwe."

"Basi na huu ni hivyo hivyo. Njoo kesho hospitalini, maalim, ukwanguliwe. Kisha upige mswaki laini kila asubuhi na kila usiku, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Usukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi."

"Lakini damu inatoka."

"Inatoka kwa sababu ya ukoga, si kwa sababu ya mswaki. Ukiacha mswaki ndiyo inazidi. Mambo ya saumu mimi siyajui. Mwenye elimu hiyo ni wewe."

Ndipo Bimkubwa akauliza kwa sauti ya chini, "Na usiku je, maalim? Usiku hakuna saumu."

"Niliogopa damu tu," akasema Maalim. "Saumu niliisingizia."

Kesho yake alikwenda. Meno yalikwanguliwa, na jino jingine la chini likang'olewa, maana halikuwa na pa kushika tena. Alipiga mswaki kila siku. Wiki ya kwanza damu ilitoka, wiki ya pili ikapungua. Baada ya miezi miwili ufizi ulikuwa umekaza, na meno ya juu yametulia. Aliendelea kusomesha, na herufi zote zilitoka sawa.

Ramadhani nyingine ilipofikia siku ya kumi, Maalim alisimama msikitini baada ya swala ya alasiri.

"Mwaka jana niliacha mswaki," alisema, "nikasema ni kwa ajili ya saumu. Haikuwa kweli." Akafungua kinywa, akawaonyesha pengo.

Chirau, mkata miwa wa Ramisi, aliuliza, "Na damu ikitoka, maalim?"

"Piga mswaki baada ya daku na baada ya futari. Damu ikitoka iteme, usukutue, uendelee. Kisha nenda hospitalini ukatazamwe."

Chirau aliinamisha kichwa. Tangu mfungo uanze alikuwa hajapiga mswaki, na mkewe na wanawe walikuwa wameacha pamoja naye.

Jioni ile, baada ya futari, aliwaita wote uani. Akampa kila mtu mswaki wake, akaanza yeye. Damu ilitoka. Aliitema wanawe wakimwona, akasukutua, akaendelea.