Kasmiri Asiye na Wajina

Jua lilikuwa linazama Mwalimu Mbaruku alipokwenda kwa jirani yake, Bibi Mwaija, kuomba kaa la moto. Kijiji cha Sindeni kilikuwa bado kinacheka. Mchana ule wanakijiji waliigiza mchezo aliouandika Mbaruku wa kuhimiza shamba la ujamaa, na kila mara mchawi alipojitokeza, umati ulimzomea kwa jina: Kasmiri, Kasmiri...

Bibi Mwaija peke yake hakucheka. Aliitikia shikamoo, kisha akamuuliza jina lile amelitoa wapi.

Mbaruku, mtu wa Masuguru, mgeni pale, alieleza kwamba wahusika wake huwapa majina kwa maana na asili. Hili alilisikia kwa wazee waliohamishwa kutoka bondeni. Jina la zamani, zuri, na kijijini hakuna aliyeitwa hivyo. Basi hakuna wa kukasirika.

"Na hukujiuliza kwa nini hakuna, mwalimu?"

Akamnong'oneza. Kasmiri alikuwa mzee wa huko bondeni, akiwatafunia ugali watoto wachanga wa wenzake, akiwatemea kinywani. Watoto wale walikufa. Pengine ni maradhi tu, hakuna aliyethibitisha. Lakini alipozikwa, wazee walikubaliana asipewe wajina, mtoto wa kuitwa jina lake. Mfu akipata wajina, hurudi akakaa naye.

"Wangu ni mtu wa kubuni, bibi."

"Ndiyo. Umemwita, hukumpa mwili. Sasa atautafuta kwa asiye na jina bado."

Mbaruku akakimbilia kwake. Kaa alilopewa lilimponyoka njiani.

Nyumbani kulinuka mate yaliyochacha. Mwantumu, mkewe, alikuwa uani akichambua mchicha. Akasema kuna mzee kaingia ndani kumwona mtoto, yule mchanga wao ambaye hata jina hajapewa. Mzee kasema ameitwa na mwalimu.

Ndani hapakuwa na mtu.

Kinywani mwa mtoto mlijaa donge la ugali uliotafunwa, wa kijivu, unaovutika kama kamasi, na unywele mweupe ndani yake. Mbaruku alilitoa kwa kidole.

Lilikuwa na joto.

Jingine likapanda kutoka kooni. Akalitoa. Jingine tena... Uso wa mtoto ukaanza kuwa mweusi.

Pumzi ikakatika.

Mbaruku akainama sikioni kwake.

"Kasmiri," alinong'ona. "Wewe ni Kasmiri."

Mtoto akameza. Akavuta pumzi, akatulia, midomo ikimetameta kwa mate ya mtu mwingine.

Mwantumu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitoka nje akatapika. Mbaruku akabaki amempakata mwanawe, hajui ambusu kwanza au akanawe mikono.