Nzi Mwenye Bawa Lililochanika

Mabinti, hii isomeni polepole.

Duka la kuchapisha picha lilikuwa limefurika watu. Kijana mmoja akajipenyeza mpaka kaunta, shati jeupe, ananukia sabuni. Akataka picha kubwa za mdudu.

"Nyuki hawa wa nini?" akauliza binti wa kaunta.

"Si nyuki, dada. Ni nzi, kavaa manyoya ya nyuki tu. Usitazame koti, tazama bawa. Madoa haya ndiyo yanayomtambulisha."

"Kumbe tapeli."

"Tapeli mzuri," akajibu, macho kwake.

Binti akacheka, na hapo ndipo alipokwisha. Wakawa wanakutana mchana, anafundishwa kusoma mabawa kwenye simu. Jioni kijana hapatikani.

"Huyo Bwana Nzi wako, jua likizama huwa anakwenda wapi?" akauliza mama yake.

"Porini, mama. Mtandao haushiki."

"Haya. Nimeuliza tu."

Asubuhi moja ikaingia picha: nzi juu ya ua la njano. "Niko mlimani, mpenzi. Nimempiga picha sasa hivi, nikakukumbuka."

Binti akaikuza. Madoa matatu, na bawa la kushoto limechanika kwenye ncha. Maskini, akasema moyoni, akatabasamu.

Mchana akaja mama mmoja mwenye gauni la kijani, mtoto kamshika mkono. Alitaka picha ya mwanawe, kavaa fulana tu, akinusa maua kibarazani. Binti akaifungua kwenye kompyuta. Ua la njano. Nzi. Madoa matatu, ncha ya kushoto imechanika.

"Ya lini hii?" akauliza binti.

"Leo asubuhi. Kapiga baba yake. Kazi yake wadudu, basi hata mtoto hapigwi picha bila nzi."

Binti akaichapisha, akakata kingo vizuri, akampa mtoto aishike mwenyewe. Walipotoka, akapiga simu.

"Malkia wangu. Huku mlimani baridi, acha tu."

"Pole. Mbona mwanao kavaa fulana tu?"

"Mpenzi, sikusikii vizuri, mtandao..."

"Nzi wako kachanika bawa la kushoto," akasema binti. "Ulinifundisha vizuri sana."

Akakata. Akafuta macho kwa kiganja, akamwita mteja aliyefuata.

Huyo kaokolewa na ncha ya bawa. Wewe wa kwako, umemtazama wapi?