Picha ya Pili ya Hajra

Kila Jumamosi Hajra, mwanafunzi wa darasa la sita huko Kiwangwa, alimsaidia baba yake, mzee Yunus, kuchuma mananasi. Mikono ikifanya kazi, mdomo nao ukiuliza maswali. Kwa nini nanasi lina macho? Nani alilipanda la kwanza? Baba alijibu aliyoyajua, mengine akacheka tu.

Jumamosi moja Hajra alikuwa kimya. Kichwa kilimuuma tangu alipoanguka kutoka kwenye mkorosho wiki iliyopita. Siku ile alipelekwa hospitali ya mbali, akapigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT, na daktari akasema ubongo uko salama. Baba hakuridhika.

"Twende Bagamoyo mjini," alisema. "Wakupige nyingine."

Hospitalini, Daktari Najim aliuliza, "Amewahi kupigwa picha ya kichwa?"

"Hapana, daktari," baba alijibu haraka. Hajra alimtazama. Daktari akaandika apigwe picha ya CT.

Chumba cha picha kilikuwa na baridi. Mashine yenyewe ilikuwa kama pete kubwa, na kitanda kikiingia katikati yake.

"Shikamoo, dada," Hajra alimwamkia mtaalamu wa mionzi, Maulida.

"Marahaba. Lala hapa, utulie. Ukitikisika picha itaharibika, tulazimike kurudia."

"Inaonaje ndani ya kichwa?"

"Kwa mionzi. Huioni wala huisikii, lakini inapita mwilini."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Nyuma ya kile kioo."

"Kwani ina madhara?"

Maulida alitabasamu. "Umeuliza vizuri. Picha inayohitajika ina faida kubwa, na hatari yake ni ndogo. Lakini mwili wa mtoto bado unakua, mionzi huuathiri zaidi kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo naweka kiwango kidogo kinachokufaa wewe, na napiga kichwa tu. Kama hakuna haja, sipigi kabisa."

Hajra aliwaza. Akisema kweli, atamwaibisha baba yake mbele ya watu. Asiposema, je?

"Dada, mimi nilishapigwa," alisema kwa sauti ndogo. "Wiki iliyopita."

Maulida alimshusha kitandani, akamwita daktari na baba.

Baba aliinamisha kichwa. "Niliogopa mtaturudisha nyumbani bila kumtazama mwanangu. Nilidhani picha nyingi ndiyo matibabu mengi."

Daktari hakumkaripia. Aliipigia simu hospitali ile ya kwanza, picha zikatumwa. Akazichunguza, kisha akampima Hajra macho na kumtembeza chumbani.

"Baada ya kuanguka ulipumzika?"

"Hapana. Kesho yake nilicheza rede, nikikimbia kukwepa mpira."

"Basi ndiyo maana. Ubongo ulitikisika, nao unataka mapumziko. Usicheze, usibebe mizigo. Ukitapika au ukilegea, mje mara moja. Picha nyingine haihitajiki."

Hajra alipumzika kama alivyoagizwa. Waliporudi kuonwa tena, maumivu yalikuwa yamekwisha, na baba akamshukuru daktari.

"Mshukuru binti yako," alisema Daktari Najim. "Mzee Yunus, daktari hutibu kwa yale anayoambiwa. Ukimficha jambo, hata kwa mapenzi, unaweza kumwumiza unayempenda. Nawe Hajra, ulifanya vyema kuuliza, na ulifanya vyema zaidi kusema kweli."

Baba alimshika Hajra mkono. "Ni kweli," alisema. "Ahsante, mwanangu."