Ketrina Hajaulizwa

Jumamosi hiyo Ferista aliamka mapema, akageuza kahawa kwenye kichanja, kisha akachinja jogoo wawili. Wageni walikuwa wanakuja kumposa Ketrina, binti yake wa pili. Ezron, mume wake, alishakubaliana na baba wa kijana. Ketrina mwenyewe aliambiwa jana yake tu, tena akiwa anaosha vyombo.

Rozi, binti wa kwanza, alikuja kutoka Galula kusaidia kupika. Huu ni mwaka wa tano yuko kwa mume aliyechaguliwa na baba yake. Alimenya ndizi kimya, mtoto mgongoni, jino moja la mbele halipo. Hakuna aliyeuliza jino limekwenda wapi. Wote walijua.

Jirani yao, Mama Mbonile, alileta sufuria kubwa. Yeye ni msaidizi wa kisheria hapo kata ya Ruanda. Alimkuta Ketrina analia.

"Huyu binti amekubali?" aliuliza.

"Shangazi yake atakuja kumuuliza," alijibu Ferista. "Akinyamaza, amekubali. Ndivyo tulivyoolewa sote."

"Kunyamaza si kukubali, mama. Sheria inataka wote wawili wakubali kwa hiari yao. Bila hiari hakuna ndoa, hata kama ng'ombe wameshaingia zizini."

"Baba Rozi atanifukuza."

"Akikufukuza, njoo kwangu. Tutakwenda wote ofisi ya kata."

Ferista alikasirika. Ni rahisi kushauri nyumba ya mwenzako! Akaendelea kusonga ugali.

Saa nane wageni walikuwa wameshiba. Shangazi alikuja jikoni, akasimama mlangoni. Kuuliza hakuuliza. Alimtazama Ketrina kidogo tu, akarudi sebuleni.

"Amekubali!" alitangaza. Vigelegele vikapigwa.

Ferista aliweka mwiko chini. Aliingia sebuleni na mikono yake yenye unga. Kwao mama wa binti hakuingia hapo siku ya posa ila kupakua chakula.

"Wifi, Ketrina hajaulizwa," alisema. "Ketrina, njoo. Unamtaka huyu kijana?"

"Simtaki, mama. Nataka kumaliza ushonaji Tunduma."

Ezron aliruka kutoka kwenye kiti. "Mama Rozi! Unaniaibisha mbele ya wageni?"

Mshenga wa upande wa kijana alichukua kofia yake. "Binti amesema," alisema. "Hatuoi mtu kwa nguvu." Wakaondoka, na ng'ombe hawakuletwa.

Ezron alimnunia mke wake. Ukoo mzima ulimwita Ferista mwanamke jeuri. Lakini Jumatatu Ketrina alipanda gari kurudi kwa fundi wake Tunduma, anacheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Rozi alibaki na mama yake kituoni, akisubiri bodaboda ya Galula. Mume wake alishampigia simu mara tatu.

"Mama," alisema, "kumbe ulikuwa unaweza kusema."

"Sikujua kama naweza, mwanangu."

"Siku yangu nililia hivyo hivyo. Wewe ukaniambia ninawe uso, wageni wasione."

Ferista alikumbuka hata beseni alilomletea. Bodaboda ilifika, Rozi akapanda na mtoto wake, akaenda bila kugeuka.

Ferista hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Mbonile, akabisha hodi.

"Nimekuja kwa ajili ya yule mkubwa," alisema. "Nimechelewa miaka mitano."