Zamu ya Marehemu Eugen

Mwanamume aliyenuna miaka thelathini na moja hapigi mluzi ghafla bila sababu. Ortrun Tammen aliusikia mluzi ule akiwa jikoni, akachungulia ngazini. Mumewe Hartwig, ambaye kwao Oldenburg, kaskazini, hajui hata ufagio unakaa kabati gani, alikuwa amekunja mikono ya shati, anafagia ngazi za nyumba ya watu.

Kuja Stuttgart hawakutaka. Walikuwa wanakwenda ziwani kwa siku nne, bomba likapasuka hotelini, ndipo mpwa wake Ortrun akawapa funguo za nyumba yake ya kupanga, ghorofa ya tatu. Njia nzima Hartwig alilalamika. Treni imechelewa. Mkate mgumu. Watu wa kusini wanaongea kama wana viazi mdomoni. Ortrun alimsikiliza ameuma meno. Alikuwa ameshajiapia: wasipopatana safari hii, kila mtu ashike njia yake.

Mlangoni walikuta kibao kinaning'inia. Katika nyumba zetu kila mpangaji ana juma lake la kufagia ngazi, na kibao humfuata mwenye zamu. Mgeni hahusiki. Lakini watu wa kaskazini, kwa kuogopa kusemwa, hujitia wasipoitwa.

"Fagia," Ortrun alimwambia. "Wasije wakasema tumekuja kuwachafulia."

"Fagia wewe. Mimi nimekuja kupumzika."

"Kupumzika na nini? Tangu ustaafu umechoshwa na kazi gani?"

Hartwig akaunyakua ufagio uliokuwa umeegemea ukutani, akatoka kwa hasira. Baada ya dakika kumi ndipo ukaja mluzi.

Alirudi anacheka. "Haya mama, vaa viatu. Mji mzuri huu, ndani tunakaa tunangoja nini?"

Na kweli wakautembea. Walipanda vidato vya mawe katikati ya mizabibu, wakanywa divai nyekundu kwa vikombe vyenye mkono, wakala maandazi ya nyama kwenye mchuzi, wakajiloweka katika chemchemi za maji ya moto za mtaa wa Cannstatt mpaka vidole vikakunjamana. Hartwig aliwatania wahudumu, tena kwa lafudhi ya hapa hapa. Vichochoro vyote alivijua, na hajawahi kukanyaga mji huu.

Ortrun alifurahi, na furaha yenyewe ikamuudhi. Miaka thelathini na moja! Kumbe ulikuwa unaweza, mshenzi wewe, ulikuwa unaninyima tu?

Ijumaa saa saba mchana, saa ambayo nyumba zetu hunyamaza na ukipiga msumari umetafuta ugomvi, walikuwa wamekaa mezani, Hartwig anamenya tofaa. Ngazini ufagio ukaanza. Shwaa. Shwaa. Ukapanda ghorofa ya kwanza, ukapanda ya pili, pole pole, kama wa mtu mwenye magoti mabovu, ukafika mlangoni kwao na kusimama, na Ortrun akafungua asione mtu, ila ngazi zimelowa kuanzia juu hadi chini na harufu ya matambara yaliyooza ndooni inapanda kumlaki, na nyuma yake, kwa sauti ya upole ambayo koo la Hartwig halijawahi kuitoa, mumewe akasema:

"Usiogope, Klara wangu. Ni mimi."

Ortrun alishuka mbio hadi kwa Bibi Häberle wa ghorofa ya chini, yule ambaye mtaa mzima humwita aombee mkanda wa jeshi na watoto walioungua.

"Nani kashika ufagio?" bibi aliuliza kabla hajasalimiwa.

"Mume wangu."

"Pumbavu."

"Mimi ndiye niliyemtuma."

"Basi mko wawili." Akamvuta ndani, akanong'ona. "Eugen Schnaidt alianguka pale mlangoni kwenu katikati ya juma lake, akafa na ufagio mkononi. Klara alikuwa mkewe, naye kamfuata. Kila mwaka kibao kinajitundika chenyewe. Sisi tunakiacha, Jumapili hatukioni. Mpwa wako hakukwambia?"

"Kaniambia jinsi ya kutenganisha takataka tu."

"Anayeshika ufagio kapokea zamu, na zamu ile ina mwenyewe. Kesho jioni kengele za kanisa zikilia kufunga juma, Eugen akiwa bado ndani ya mumeo, hatoki tena."

Ortrun akauliza: "Huyo Eugen... alikuwa mtu mwema?"

"Mwema sana. Ndiyo maana nakuonea huruma, mwanangu."

"Dawa yake?"

"Tafuta chumvi ya kumwaga kizingitini, kisha mtaje mumeo kwa jina la ubatizo, umsomee makosa yake. Yote. Makosa yanamjua bwana wake, yatarudi kukaa, na pepo hana pa kukaa. Usibakize hata moja."

Jumamosi Ortrun alipoteza asubuhi nzima. Alijiambia anatafuta chumvi, kumbe yuko sokoni na mwanamume anayemchekesha. Jioni ilipokaribia, Bibi Häberle ndiye aliyekuja kugonga mlango. Akamwaga chumvi kizingitini, akamkalisha Hartwig kitini, mbele yake kikombe cha kahawa.

"Anza."

"Hartwig Johann Tammen," Ortrun akasema. "Ulisahau mazishi ya mama yangu ukaenda kwenye mpira."

"Klara, kwani hapa tumekosa nini?" yule akauliza kwa upole.

"Endelea!" bibi akafoka.

"Unanisahihisha mbele ya wageni. Supu yangu unaitia chumvi kabla hujaionja!"

Kisha hayakuzuilika, yalitoka mengine juu ya mengine, la paka, la dada yake, la watoto ambao hakuwataka na la bustani aliyoiweka saruji, na kila moja lilipotua uso ule ulivutika, mdomo ukashuka upande huu na kurudi upande ule, na ngazini fagio zikawa kumi, ishirini, zinafagia kwa haraka kama watu wanaotimuliwa, na macho mema yale yakamtazama Ortrun yakimsihi.

Likabaki moja. Tangu siku ya ndoa, Hartwig hakuwahi kumshika mkono.

Ortrun alifungua kinywa, akalimeza.

"Yameisha?" Bibi Häberle akauliza.

"Yameisha."

Kengele zikalia. Hartwig akaonja kahawa. "Imepoa. Na mgongo huu umefanywa nini? Mji gani huu!"

Kwenye treni ya Jumapili alilalamika mpaka Mannheim, kisha akalala mdomo wazi, mikono yote miwili kaikunja tumboni. Ortrun alikuwa ameshajipanga: akiamka, amwambie kila mtu ashike njia yake.

Ndipo vidole vya baridi vikajipenyeza katikati ya vidole vyake, vikashika.

Ortrun alitazama dirishani muda mrefu. Halafu akavifinya.