Kiapo cha Uongo Kwenye Ndege ya Usiku

"Dada, naomba upunguze mwanga wa hiyo simu."

"Nimeshapunguza."

"Hapo ndipo umepunguza? Mbona hata mtoto wa safu ya nyuma ameamka?"

Kidole chake kiliendelea kukimbia kwenye kioo, na mwanga ukaendelea kunichoma macho.

Tulikuwa angani kati ya Doha na Nairobi. Taa zilikuwa zimezimwa, madirisha yamefungwa, watu wamejifunika blanketi hadi puani. Ndege ya usiku ina adabu zake, na ya kwanza ni hii: ukiwasha simu yako, umewasha safu nzima. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya saa kumi na mbili juu ya kreni, nikaenda uwanja wa ndege na vumbi kwenye nyusi. Nilichotaka duniani ni usingizi tu.

Mhudumu alipita akamsihi kwa upole. Akapunguza mwanga. Mhudumu alipogeuka, akaurudisha. Kisha nikamsikia akijinong'onezea kwa Kimeru, nikajua huyu ni wa kwetu.

"Unatoka Meru sehemu gani?"

"Kaaga."

"Ukoo gani?"

Akautaja bila kuinua macho. Mimi sitautaja hapa, wenyewe wasije wakaniita kikaoni. Ila nilijua jambo moja kuhusu ukoo huo: una gichiaro na ukoo mwingine. Kwa msomaji asiyetoka kwetu, gichiaro ni undugu wa kiapo ambao wazee waliufunga zamani kati ya koo mbili. Ndugu wa gichiaro akikuomba kitu, hukatai, la sivyo laana itakufuata. Humdanganyi. Na hamuoani kabisa, maana mnahesabiwa damu moja.

Mimi si wa ukoo ule mwingine. Lakini usingizi, jamani, usingizi ni mshauri mbaya.

"Basi mimi ni gichiaro yako," nikasema, nikautaja ukoo usio wangu. "Na kwa gichiaro, nakuomba uzime hiyo simu."

Alinigeukia kwa mara ya kwanza.

"Kweli?"

"Kweli."

"Basi sina la kusema."

Akazima. Nikalala fofofo kama mtu mwenye haki.

Taa zilipowashwa asubuhi na chai ikaletwa, niliona macho yake yamevimba.

"Kwani hukulala?"

"Ningelalaje? Mama anazikwa leo saa saba. Mimi ndiye kifungua mimba. Nilikuwa naandika wasifu wake, nimefika pale alipoolewa tu."

Nikaiweka chai chini.

"Mbona hukuniambia?"

"Si hukuniuliza. Uliuliza ukoo."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Sikusema. Niliona aibu, na aibu ikazaa aibu nyingine. Nikamwambia binamu yangu Kiunga anakuja kunichukua na pikapu, na tutampeleka hadi kwao. Akakubali. Jina lake, akaniambia, ni Gatwiri.

Sisi ni watu wa Kiirua, njia yetu kutoka Nairobi ni ya Nanyuki, lakini nilimwambia Kiunga apite Embu tumfikishe Gatwiri haraka.

"Asanteni sana, ndugu zangu wa gichiaro," Gatwiri akasema alipofunga mlango.

Kiunga akanitazama kwenye kioo. Nikakohoa. Alipofungua mdomo, nikamwambia, "Endesha gari, bwana."

Gatwiri alijaribu kuandika, akashindwa. Alikuwa mtu wa kutapika akisoma garini, na zile kona si za mchezo. Tulipofika Embu mjini nikashuka, nikanunua daftari na kalamu.

"Wewe sema, mimi niandike," nikamwambia.

Akasema, nikaandika. Alivyouza matunda damu sokoni. Alivyosomesha watoto watano.

"Andika hivi: Mama hakuwahi kula ugali ukiwa moto, kwa sababu alipakulia watu wote kwanza."

Kalamu ilisimama. Nilimkumbuka mama yangu, nikamkumbuka huyu msichana gizani, simu imezimwa, wasifu umekatika katikati kwa sababu yangu. Nikalia. Kiunga naye akajifanya anaangalia barabara.

"Pole," Gatwiri akaniambia. Yeye mfiwa ndiye aliyenipa pole mimi!

Aliusoma wasifu wote makaburini, sauti yake ikasimama imara. Baada ya mazishi baba yake, Mzee Kinyua, alinishika mkono mbele ya watu.

"Huyu ni gichiaro. Amemleta binti yangu. Mpeni nyama ya kwanza."

Nikala. Mungu anisamehe, nikala.

Tuliporudi Doha tukawa tunapigiana simu kila jioni. Yeye alikuwa akimtunza bibi mmoja mgonjwa, mimi na kreni zangu. Nilimpenda, sina haja ya kuzungukazunguka. Nilipenda hasira zake, nilipenda anavyocheka kabla hadithi haijaisha. Lakini kila mara alikata simu kwa maneno yaleyale:

"Lala salama, ndugu yangu."

Siku moja nikajaribu.

"Gatwiri, na kama tusingekuwa gichiaro?"

"Thuranira, wacha. Hata kulifikiria hilo ni mwiko."

Hakupokea simu zangu siku mbili. Nikaogopa. Nikasema nitamwambia wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa mwaka.

Ndipo ujumbe ukaingia: *Kuna mwalimu wa Embu anaitwa Nthiga. Ni mtu mzuri, aki. Anataka kuleta watu wake kwetu. Anangoja jibu langu leo.*

Kabla sijajibu, simu ikalia.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Ndugu wa gichiaro hamdanganyi mwenzake, si ndio?"

"Ndio."

"Basi kwa gichiaro, niambie ukweli. Nimkubali?"

Nilikuwa nimekaa kitandani. Nikasimama. Nikakaa tena.

"Gatwiri, mimi si gichiaro yako."

"Unasema nini?"

"Mimi si wa ukoo ule. Nilikudanganya kwenye ndege. Nilitaka kulala."

Nikasikia televisheni ya yule bibi kwa mbali.

"Rudia."

"Nilikudanganya. Na nakupenda. Sikujua nianzie wapi."

"Ungeanza na ukweli! Mwaka mzima, Thuranira? Baba yangu amekulisha! Umesimama kwa kaburi la mama yangu ukiitwa ndugu!"

"Nisamehe."

Akakata. Baada ya dakika moja ujumbe ukaja: *Usinipigie. Na usinitumie mtu.*

Nilitii. Zilikuwa wiki tatu, na sijui nilivyoziishi. Nilijua nimempoteza, na sikuwa na wa kumlaumu. Wiki ya tatu nikapigiwa na nambari ya nyumbani.

"Wewe ni nani?" Ilikuwa sauti ya Mzee Kinyua.

"Ni Thuranira, Baba."

"Jina nalijua. Nauliza wewe ni nani."

Nikataja kijiji, nikamtaja babu yangu, nikautaja ukoo wangu wa kweli.

"Sasa umejibu. Gatwiri amerudi, yuko hapa nyumbani. Njoo."

Niliomba ruhusa kazini, nikapanda ndege. Jumamosi mchana nilikuwa kwenye sebule ya Kaaga, nimekaa ukingoni mwa kiti. Gatwiri alikuwa kando ya dirisha, hakunipa mkono. Mzee aliongea polepole.

"Wazee waliapa ili watu wasiuane. Ili ukikutana na mtu njaani akupe chakula. Wewe kijana umekichukua kiapo hicho ukakitumia kuzima simu."

"Nimekosa, Baba."

"Unajua kuna wengine hapa wangekufukuza?"

"Najua."

"Njia ya mwongo ni fupi, ila yako imefika Arabuni ikarudi." Nilidhani atacheka, hakucheka. "Utaleta kondoo wa kuosha kiapo, nawe utautangaza uongo wako mbele ya wazee. Hilo ndilo la kwangu. La huyu mimi siliwezi."

Akatoka kwenda kuangalia ng'ombe wake. Tukabaki wawili.

"Nthiga nimemkataa," Gatwiri akasema. "Usitabasamu. Si kwa ajili yako. Ni mtu mzuri, singetaka adanganywe."

"Sijatabasamu."

"Unajua ni nini kimeniuma?"

"Wasifu wa mama."

"Hapana. Wasifu tuliumaliza. Hilo nilikusamehe palepale Embu, hata kabla sijajua." Akageukia dirisha. "Nilikupenda siku hiyo, ulipoacha kuandika ukalia. Nikajiambia, Gatwiri umelaaniwa, unampenda ndugu yako. Kila Ijumaa, siku ya mapumziko kule Doha, nilikuwa napiga magoti kanisani natubu. Mwaka mzima! Nikitoka tu, nakupigia simu, ile dhambi inarudi. Nikaona heri niolewe upesi na mtu yeyote ili Mungu anipumzishe. Dhambi ilikuwa yako, Thuranira, na aliyekuwa akitubu ni mimi."

Mwaka huo wote nilidhani uongo wangu ulikuwa ukinitesa mimi peke yangu. Nikalia mbele yake bila kujificha.

"Nimekuchukia wiki tatu," akasema baadaye, akipangusa macho. "Nimechoka. Chuki ni kazi ngumu, na mimi sikuizoea."

"Sasa je?"

"Sasa kamlete kondoo wa baba. Halafu utarudi na watu wako na ncoolo."

Ncoolo ni furushi la miraa linalofungwa kwa heshima, na kwetu halipelekwi ila na mtu anayeomba mke.

"Na kila mzee wako atautaja ukoo wake kwa sauti," akaongeza, "mmoja mmoja, mpaka baba aseme basi."

"Hata kama ni mia."

"Bado sijamaliza. Kesho ni Jumapili. Utakuja kanisani na mimi. Zile toba zote nilizozitoa bure, utazirudia wewe, kwa magoti yako mwenyewe."

Nilienda. Ibada ikaisha, watu wakatoka, wanaofagia wakaanza kufagia, na mimi bado nilikuwa chini nimefumba macho. Mwaka mzima wa toba si kitu cha dakika tano. Nilipoyafungua, Gatwiri alikuwa amepiga magoti kando yangu, viganja vimeshikana, midomo ikimchezacheza.

"Wewe unatubu nini tena?" nikamnong'oneza.

"Nyamaza," akasema. "Mimi leo nashukuru."