Barua Zilizofungwa kwa Gundi

Kabati lilikuwa wazi, mlango wake umepindwa pembeni kwa bisibisi iliyoachwa pale chini, na rafu ya katikati ilikuwa tupu. Kisanduku cha barua kilichokaa pale mwaka mzima hakikuwapo.

Inspekta alilitazama kutoka kizingitini. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi, na miguu ilishaanza kumuuma. Alibakiza miezi minne astaafu. Katika kazi hii alishatafuta magari, maiti, na hata bwana harusi mmoja aliyeingia mitini siku ya ndoa. Leo kaitwa kutafuta barua za watoto wa shule, na kusema kweli alikuwa amechoka hoi kabla hata hajaanza.

"Vua viatu, Afande," alisema mwalimu mshauri, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. "Samahani. Humu kila mtu anavua."

Akavua. Dole gumba likachungulia kwenye tundu la soksi. Sajini wake, binti mwenye ulimi mwepesi, aliliona akajifanya anakagua dari.

Chumba chenyewe kiliitwa Chumba cha Utulivu. Kilikuwa na zulia la rangi ya maziwa, mito ya kukalia sakafuni na pazia zito. Vyote vilinunuliwa kwa ruzuku ya serikali, ile zinayopewa shule zinazopambana na uonevu na kuwalea watoto wenye majeraha ya moyo. Aliyepigwa, aliyenyang'anywa, aliyetungiwa jina baya, alikuja hapa kukaa. Asiyeweza kusema aliandika, akatumbukiza karatasi kisandukuni. Mshauri walimwita Shangazi, na jina la kwenye mshahara lilishasahaulika.

"Barua zilikuwa ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Thelathini na tisa."

"Nani anazisoma?"

"Mimi peke yangu. Tena si zote. Iliyofungwa kwa gundi siifungui mpaka mwenyewe aniambie yuko tayari. Ndiyo kanuni yetu."

"Mara ya mwisho kuziona?"

"Jumamosi mchana. Mimi na Mwalimu Mkuu tulizihesabu, nikafunga kabati. Leo saa moja nimekuta hivi. Sijamruhusu mtu yeyote kuingia."

Mwalimu Mkuu alifika akihema, karatasi mkononi. Alikuwa amevuka uwanja, na uwanja ulikuwa tope tupu. Jumapili mvua ilishinda ikinyesha.

"Viatu, Mwalimu," alisema Shangazi.

"Shule inaungua, wewe unaniambia viatu."

Akaingia hadi katikati ya chumba. Nyayo zake zikabaki kwenye zulia, nne, nyeusi. Shangazi alifumba macho.

Karatasi ilitoka ofisi ya ruzuku. Inspekta aliisoma mara mbili, kwa sababu barua za maofisa humtaka mtu azirudie. Kesho angefika afisa wa tathmini. Alitaka barua halisi za watoto, zote, na zilizofungwa zifunguliwe. Angezisoma, angelinganisha mwandiko na daftari ili ajue hazikughushiwa, kisha angechukua nakala za kuweka kwenye jalada. Bila hizo, ruzuku haiendelei.

"Nilimwomba achukue idadi tu," alisema Shangazi. "Akasema idadi kila mtu anaweza kuibuni."

"Na amesema kweli," alidakia Mwalimu Mkuu. "Shule ngapi zinawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa?"

"Miaka mitatu iliyopita wewe ulisema hapa hakuna uonevu."

"Miaka mitatu iliyopita hakukuwa na ruzuku."

Hakuona aibu kulisema. Alikuwa na uso wa mtu asiyelala vizuri muda mrefu, na Inspekta, ambaye naye halali, alimhurumia kidogo. Zamani mtoto aliyeonewa alifichwa ili shule isiaibike. Siku hizi anatolewa kama kielelezo ili shule ipate kula. Ni yule yule mtoto.

"Funguo za kabati ni ngapi?"

"Mbili," alijibu Mwalimu Mkuu. "Wangu na wake. Lakini si unaona limevunjwa?"

"Naona."

Inspekta alipiga magoti, viungo vikalia. Akamulika kitasa kwa tochi. Kisha akatoka kwenye ukumbi, akainama tena, akatazama sakafu kwa muda mrefu. Tope lililokauka lilitoka mlango wa nyuma, likaja moja kwa moja hadi kizingiti cha Chumba cha Utulivu, likakomea hapo. Ukumbi haukuwa umefagiliwa tangu Jumamosi.

"Umeona nini, Afande?" Sajini alinong'ona.

"Nimeona kwamba nimezeeka. Nisaidie kusimama."

Kengele ya mapumziko ilipigwa. Ukumbi ukafurika. Katikati ya zogo, msichana wa darasa la tano alisimama peke yake dirishani akisoma karatasi iliyokunjwa. Alipomaliza aliichana vipande vidogo, akavitia mfukoni kimoja kimoja, kwa makini. Inspekta alimwona, akadhani ni mtihani aliofeli.

Alianza na Mwalimu Mkuu, ofisini kwake.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Hapa. Naandaa taarifa ya afisa. Muulize mlinzi."

"Kwa hiyo ulikuwapo shuleni, una ufunguo, na ndani ya zile barua pengine umetajwa."

"Pengine. Nina ukali wangu, sikatai. Lakini niziibe mimi? Zisipopatikana kile chumba kinafungwa, Shangazi anarudi nyumbani, na mimi nabaki na watoto mia saba na kengele. Ningezilinda kwa meno."

"Nakuamini."

"Unaniamini?"

"Wewe huvui viatu hata ukiombwa. Sembuse ukiwa unaiba."

Alimwacha ametoa macho, akarudi Chumba cha Utulivu. Alivua viatu bila kuambiwa. Akiwa ameinama akifungua kamba, akamkumbuka yule msichana wa dirishani, na vile vipande alivyovitunza. Mtu hatunzi hivyo mtihani aliofeli.

Shangazi alikuwa akisugua zile nyayo nne kwa kitambaa chenye maji. Sajini alikaa juu ya mto, daftari tayari.

"Acha kwanza, mama," alisema Inspekta. "Tuongee."

Aliacha.

"Kitasa kikivunjwa kikiwa kimefungwa, ulimi wake hupinda. Wa kabati lako umenyooka, umerudi ndani kama ulivyoachwa na ufunguo. Bisibisi ilikuja baadaye, kwa ajili ya macho yetu."

Shangazi alikitazama kitambaa.

"Halafu kuna tope. Mwizi wa jana alitembea kwenye mvua hadi hapo mlangoni. Humu ndani, kabla ya Mwalimu Mkuu, hapakuwa na hata doa. Mwizi alisimama, akavua viatu, akaviacha nje, ndipo akaingia kuiba. Mimi sijawahi kumpata mwizi wa namna hiyo."

Shangazi alicheka kidogo, bila furaha.

"Sikukumbuka hata kama nilivua," alisema. "Miaka mitatu. Miguu yenyewe inajua."

"Uko wapi mzigo?"

"Nimewarudishia wenyewe. Nilizichukua jana, na leo saa kumi na mbili alfajiri nikaweka kila barua kwenye dawati la aliyeiandika. Hawaandiki majina, lakini miandiko yao naijua, hata ile ya juu ya bahasha."

Sajini aliacha kuandika. "Lakini Shangazi, umejiharibia mwenyewe. Kazi imekwenda. Chumba kimekwenda."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu niliwaambia hakuna mwingine atakayesoma. Kuna mtoto ameandika kitu anachofanyiwa na mjomba wake nyumbani. Nilimshawishi wiki tano ndipo tukaenda pamoja kwenu polisi, kwenye dawati la watoto. Alikwenda kwa miguu yake. Wengine bado hawajafika hapo. Kesho aje mgeni na kalamu, afungue, alinganishe mwandiko, apige nakala?" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Kinachowaumiza hawa ni kwamba kila walichokuwa nacho kilichukuliwa kwa nguvu. Mimi nami niwachukulie? Kwa ajili ya zulia?"

"Ungekataa waziwazi."

"Mwalimu Mkuu ana ufunguo. Ningekataa saa tatu, saa nne angefungua. Nikaona bora niwe mwizi kuliko niwe mwongo. Andika hivyo, binti yangu. Andika nilivyosema."

Sajini aliandika. Inspekta alijisugua magoti. Kosa lilikuwapo: nyaraka za shule zimetoweka, polisi wamedanganywa kwa bisibisi. Mwalimu Mkuu alishasema anataka sheria ifuate mkondo wake.

"Zote thelathini na tisa umezirudisha?"

Shangazi alitoa bahasha ndogo kifuani. Ilikuwa nene, imefungwa kwa gundi pande zote. "Hii imebaki. Mwenyewe alihamishwa shule. Walimwita Bubu hadi akaacha kuongea kweli. Anakaa kwa bibi yake, nyuma ya kituo cha mafuta. Sijawahi kuifungua." Alimtazama usoni. "Ukiichukua kama kielelezo, itasomwa."

Inspekta aliipokea. Aliigeuza mara moja, akaitia mfuko wa ndani.

"Sajini, mpeleke mama kituoni akaandike maelezo. Sehemu ya vielelezo, andika bisibisi."

"Bisibisi tu, Afande?"

"Kwani wewe umeona kingine?"

Nyumba ya bibi ilikuwa na mlango wa bati. Aliyefungua alikuwa msichana wa miaka kumi na moja hivi, mwenye macho yasiyotua. Nyuma yake bibi aliuliza ni nani. Hakujibu.

"Nimetumwa na Shangazi," alisema Inspekta. "Nimekuletea kilicho chako."

Msichana aliipokea bahasha. Hakumtazama yeye. Alipitisha kidole kwenye gundi, upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Akarudia tena, polepole. Kisha akamrudishia.

"Mpelekee," alisema. Sauti ilikwaruza kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Ndani, bibi aliangusha kitu. "Mwambie sasa afungue."

Inspekta alitaka kumwambia kuhusu chumba, kuhusu afisa wa kesho. Alishindwa. "Nitamwambia," alisema.

Kituoni, Shangazi alikuwa kwenye benchi la chumba cha mahojiano, maelezo ameshayatia saini, zulia na kazi vyote vimebaki upande wa pili wa saini hiyo. Inspekta aliweka bahasha mezani.

"Ameongea," alisema. "Amesema ufungue."

Shangazi aliiangalia kwa muda. Halafu akainama, akavua viatu, akavipanga chini ya benchi, ndipo akaingiza kucha kwenye gundi.

Inspekta alitoka, akafunga mlango, akasimama mbele yake. Sajini alikuja na jalada akitaka kuingia.

"Subiri," alimwambia. "Kuna mtoto anazungumza humo."